Matembezi ya majira ya baridi: kupunguza swala, na viatu juu ya udhu

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Nasoma nje ya nchi, huu ni mwaka wa pili. Mdogo wangu anakuja kunitembelea kwa wiki mbili katikati ya majira ya baridi. Tumepanga kuzunguka mjini, kisha kwenda kwa treni miji ya jirani. Je, tunaweza kupunguza swala (rakaa nne kuwa mbili) na kukusanya (kuswali mbili kwa wakati mmoja)? Na udhu tufanyeje, maana kuvua viatu na kuosha miguu kwenye baridi ile ni shida?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Nitajibu kwa madhehebu ya Imamu Shafi, na penye haja nitataja kauli ya wengine.

Kwanza tujue nani msafiri. Wewe, mwanafunzi unayekaa hapo, ni mkazi. Kutembea mjini kutwa, hata mkizunguka makumbusho kumi, hakukufanyi msafiri. Mdogo wako naye, akinuia kukaa mjini kwako siku 4 kamili au zaidi, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, anakuwa mkazi tangu anapofika, naye ataswali rakaa nne kama wewe. Kwa madhehebu ya Hanafi mpaka ni siku 15, kwa hiyo mwenye kunuia wiki mbili kwao bado ni msafiri. Fuateni kauli moja katika jambo hili. Msichague asubuhi hii na jioni ile kwa kuangalia ipi nyepesi. Lakini kama ratiba yake ni siku mbili mji huu, tatu mji ule, bila kufikisha siku 4 kamili popote, basi yeye ni msafiri muda wote.

Mkitoka kwenda mji ulio mbali, takriban kilomita 80 na kuzidi, nyote wawili mnapunguza na kukusanya, hata kama mnarudi jioni ile ile. Ruhusa inaanza mnapopita majengo ya mwisho ya mji wako, si mlangoni mwa nyumba wala kituoni. Adhuhuri, Alasiri na Isha zinakuwa rakaa mbili. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Mkiswali nyuma ya imamu anayekamilisha, kamilisheni naye.

Hapa ndipo majira ya baridi yanapowakwamisha wengi. Katika miji iliyo karibu na digrii 52 kaskazini, mwishoni mwa Desemba Adhuhuri huingia karibu saa 6 mchana, Alasiri karibu saa 8 kasorobo, na jua huzama kabla ya saa 10. Aliyezoea Magharibi ya saa 12 na nusu hujikuta bado yumo makumbusho, na swala mbili zimempita. Kwa hiyo siku ya safari tangulizeni: swalini Adhuhuri na Alasiri pamoja mara Adhuhuri inapoingia. Masharti yake ni kuanza na Adhuhuri, kunuia kukusanya kabla hamjaimaliza, kutoweka mwanya mrefu kati ya swala mbili, na safari iwe bado inaendelea mnapoanza ya pili. Kuchelewesha Adhuhuri hadi Alasiri kunajuzu mkinuia hivyo kabla wakati wa Adhuhuri haujaisha, ila dirisha la Alasiri ni kama saa mbili tu. Na mkifika nyumbani kabla ya kuswali, zote mbili mnaziswali rakaa nne nne.

Siku za kutembea ndani ya mji hakuna kukusanya kwa sababu ya matembezi. Iko hadithi ya Ibn Abbas katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikusanya akiwa Madina pasipo khofu wala mvua, na baadhi ya wanavyuoni, akiwemo Ibn Sirin, waliruhusu kwa haja bila kuifanya mazoea. Mimi sioni kwamba foleni ya tiketi ni haja ya namna hiyo. Tafuteni mapema pembe ya kuswalia.

Ama miguu, dini imewapa wepesi wa kupangusa juu ya khufu: kinachofunika mguu mpaka juu ya vifundo, kizito cha kuweza kutembelewa, kisichopitisha maji upesi, na kiwe safi. Soksi nyembamba za pamba hazitoshi. Mvae baada ya udhu kamili, yaani msivae mguu wa kulia kabla hamjaosha wa kushoto. Muda ni mchana mmoja na usiku wake kwa mkazi, mitatu kwa msafiri, kama alivyopokea Ali (r.a.). Muda huo unahesabiwa tangu udhu unapotenguka mara ya kwanza baada ya kuvaa. Ukivaa saa 12 asubuhi, ukatengukwa saa 4, ukapangusa saa 6 mchana, mwisho wako ukiwa mkazi ni saa 4 ya kesho yake. Na uliyeanza kupangusa ukiwa nyumbani kisha ukasafiri, unabaki na muda wa mkazi. Kinachotakiwa ni mkono wenye maji upite juu ya khufu, upande wa juu wa mguu.

Kosa kubwa: mtu hupangusa juu ya buti, kisha anazivua msikitini au kwa wenyeji wake na kuswali na soksi. Akishavua, kupangusa kumebatilika. Sharti aoshe miguu. Anayejua kwamba atavua viatu avae khufu za ngozi ndani ya buti na apanguse hizo. Janaba (hali inayolazimu kuoga mwili mzima, kama baada ya tendo la ndoa) nayo haina kupangusa. Huvuliwa na kuogwa.

Glavu hazipanguswi katika udhu, lakini kusujudu nazo kunajuzu. Kofia ya sufi ipandisheni, sehemu ya paji la uso iguse chini. Mkiswali kwenye theluji laini, paji halitulii, basi ishindilieni au tandikeni kitu. Ila msisujudu juu ya skafu au koti mlilovaa, linalokwenda na mwili wenu.

Tayamamu (kujitwaharisha kwa udongo badala ya maji) kwa baridi ilifanywa na sahaba Amr bin al-As katika vita vya Dhatu Salasil, na Mtume (s.a.w.) hakumkataza. Lakini ni kwa anayekhofia madhara kweli na hana pa kupashia maji, na kwetu Shafi swala hiyo hulipwa, yaani huswaliwa tena baadaye. Hotelini yenye bomba la maji moto hamna udhuru huo.

Mkifika kaskazini kabisa ambako jua halichomozi, kadirieni nyakati kwa mji wa karibu ambao alama za jua zinaonekana.

Wallahu aalam.