Umeshafunga PostgreSQL? Sasa Jifunze Kurejesha Data

"Kaka, nimefunga PostgreSQL, ile programu ya kuhifadhi data, kwenye laptopu yangu na inafanya kazi. Nijifunze nini sasa ili nipate ajira?" Ujumbe huu nimetumiwa na kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na wengi wenu mnaniuliza hivyohivyo. Nitamjibu kwa yaliyotokea mwezi uliopita, maana najivunia na sioni sababu ya kuficha.

Nahudumia seva ya duka la dawa za jumla hapa Dodoma mjini, upande wa Majengo. Zahanati za Bahi, Chamwino mpaka Kongwa hununua hapo. Mchana mmoja umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Nilipofika, seva inawaka lakini haioni diski, na diski yenyewe inagonga tik, tik, tik. Kaunta imejaa watu na maboksi. Mama mwenye duka ameshika kikokotoo, hana hakika hata na bei ya katoni ya dripu.

Nieleweke hapo: umeme kukatika peke yake hakuiui PostgreSQL. Kila badiliko huandikwa kwanza kwenye kumbukumbu yake iitwayo WAL, ndipo liingie kwenye majedwali. Seva ikiwaka tena huisoma kumbukumbu hiyo na kurudisha miamala yote iliyokwisha kuthibitishwa. Diski ikifa ni habari nyingine, maana WAL nayo imo humohumo.

Nilichukua kompyuta ya akiba, nikaweka mfumo endeshi wa Ubuntu, kisha nikaiweka PostgreSQL kwa amri ya `sudo apt install postgresql`. Nikarudisha watumiaji, nikaandika `createdb duka` kutengeneza kanzidata (ghala la data) tupu, halafu `pg_restore -d duka duka.dump` kuijaza kutoka kwenye bakapu, yaani nakala ya akiba niliyoichukua kwa `pg_dump`. Watumiaji kwanza, kwa sababu `pg_dump` huchukua kanzidata moja tu; watumiaji na paswedi zao huchukuliwa na `pg_dumpall --globals-only`. Wengi hulijua hilo siku ya msiba, skrini inapowajazia makosa kwamba mtumiaji fulani hayupo.

Bakapu ya mwisho ilikuwa ya saa saba mchana. Ankara zilizofuata tuliziingiza kwa mkono kutoka kwenye nakala za risiti. Kabla ya jioni duka linauza. "Mwanangu, Mungu akubariki," mama akaniambia mbele ya wateja wake.

Maneno yale yalinipoza, kwa sababu mwaka jana mteja mwingine, ambaye simtaji, alinisimamisha kazi akisema, "Tunakulipa kila mwezi na hatuoni unachofanya." Bado inaniuma. Mikononi mwangu hakupoteza ankara hata moja, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi niliyolipwa kuifanya!

Kwa hiyo, vijana wenzangu, acheni kubishana PostgreSQL ni bora au mwenzake MySQL, programu nyingine ya kazi hiyohiyo. Zote zinapatikana bure na zote zitakulisha ukizijua. Mtumiaji `postgres`, mwenye mamlaka yote, mwachie msimamizi. Programu ya duka ipe mtumiaji wake, mwenye ruhusa kwenye kanzidata yake tu. Poti 5432, mlango wa PostgreSQL kwenye mtandao, msiifungulie dunia nzima. PostgreSQL ikishawekwa husikiliza kompyuta yake yenyewe tu, na mashine nyingine zikihitaji kuingia, rekebisheni `listen_addresses`, kisha tajeni anwani zao kwenye faili la ruhusa za kuingia, `pg_hba.conf`, pamoja na `scram-sha-256`, njia salama ya kuhakiki paswedi. Anayeandika `trust` hapo ameruhusu watu waingie bila paswedi.

Bakapu iendeshwe na cron, programu ya kuendesha kazi kwa ratiba, kwa `pg_dump -Fc`, na nakala moja ikae nje ya jengo. Ifungeni kwa paswedi pia. Mle ndani mna majina na namba za simu za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeshaanza kutumika tangu Mei 2023. Data ya mtu ni riziki yake na siri yake, si kitu cha kuzurura nacho kwenye fleshi mfukoni. Tuwe na hofu ya Mungu katika hili.

Na wewe uliyeniandikia, bakapu ambayo hujawahi kuirejesha usiihesabu. Jioni ya leo tengeneza kanzidata ndogo, ichukulie bakapu, ihamishie kwenye kompyuta ya mwenzako, irejeshe huko, halafu hesabu mistari ya kila jedwali uone kama inalingana. Ukikwama kwenye watumiaji au ruhusa, niandikie, na ujumbe wa kosa unitumie kama ulivyo, herufi kwa herufi.