Foto ya magaribi ziwani: mbona mawe yanatoka meusi tii?

SWALI: Kaka, aksanti kwa hii kona ya foto. Niko Himbi, karibu kila siku ya yenga nashuka ziwani Kivu magaribi na telefone yangu, kwa macho naona mbingu inawaka na mawe ya volkano yanang'aa, lakini foto ikitoka mawe ni makaa tupu, jua ni doa jeupe. Nikiongeza mwanga mawe yaonekane, mbingu inapotea. Ao ni lazima ninunue apareyi kubwa?
Msomaji, Goma

JIBU: Mdogo wangu, pesa ya apareyi iweke kwanza. Mawe yetu ni lava, nyeusi ya asili, na jua liko mbele yako, sasa ni vigumu telefone ishike vyote viwili sawasawa kwa mara moja, kwa hiyo wewe chagua mbingu. Gusa kioo pale penye rangi, pembeni ya jua, si juu ya jua lenyewe, shikilia kidole mpaka kipimo cha mwanga kijifunge halafu shusha mwanga kidogo.

Na mawe je? Tafuta yaliyoloa. Jiwe kavu la lava limejaa vitundu kama sponji, linameza mwanga, lakini wimbi likilipiga tu linabeba rangi ya mbingu. Mimi nilishamwagia maji jiwe moja la ukubwa wa beseni, kidumu kizima, na kila kitundu kikabaki na tone lake jekundu, foto hiyo naipenda mpaka leo.

Usikimbie nyumbani jua likizama. Huku karibu na ikweta giza linaingia upesi, dakika ishirini na kitu basi, lakini zile 10 za kwanza ndizo tamu kwa sababu mbingu na mawe vinakaribiana mwanga. Egemeza telefone kwenye jiwe, weka taimeri ya sekunde 3 mkono usitikise. Ndio saa wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, wanatoka na ile mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, waombe ruhusa, waingize kwenye foto.

Mwezi wa 12 na wa 1 jua linazama kusini zaidi, upande wa maji, mwezi wa 6 linaenda upande wa nchi kavu. Kiangazi vumbi na moshi vinaficha milima, mimi nangoja mvua ipite.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana wapiga foto tunapenda kulala chini ili jiwe lionekane kubwa. Kuanzia Goma mpaka kule Sake kuna mazuku, gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa kwa hiyo inajaa kwenye mashimo, na jioni upepo ukitulia inazidi. Imeshaua mbuzi, imeshaua watu. Ukiona mjusi ao ndege amekufa ndani ya kishimo usiinamie hata kidogo, na mwenzako akianguka humo usimrukie, na wewe utabaki, ita watu mumvute kwa kamba. Uliza wenyeji wa hapo kabla ya kushuka, simama palipoinuka penye upepo, foto ya kulala chini iache.