Maswali Yenu: Mji wa Norilsk ulijengwa na nani?

SWALI: Habari za kazi ndugu mwandishi. Mimi ni mchimbaji mdogo huku Makongolosi, Chunya. Kuna mwenzetu alituonesha video ya mji mmoja wa Urusi unaitwa Norilsk, maghorofa yamepakwa rangi, theluji imefika madirishani na mgodi mkubwa balaa. Wakatokea wanaosema mji wote ule ulijengwa na wafungwa, wengine wakabisha. Ukweli ni upi? Na kama ni wafungwa mbona hawakukimbia, maana nimetazama sana sijaona hata ukuta.
Mchimbaji, Chunya

JIBU: Salama ndugu yangu, poleni na kazi huko. Ni kweli, na wala sio kwamba wafungwa walisaidia tu hapa na pale, bila wao mji ule usingekuwepo kabisa.

Norilsk upo Siberia, kilomita kama 300 ndani ya mstari wa Aktiki. Jua linapotea mwisho wa Novemba linarudi katikati ya Januari, yani mwezi na nusu watu wanaamka giza wanalala giza. Wewe upo karibu na Makete, unajua ile asubuhi ya mwezi wa saba majani yanakuwa meupe kwa barafu, sasa pale ndo sifuri, Norilsk wanashuka toka hapo nyuzi nyingine 50 kwenda chini. Na mpaka leo, ukiacha njia ya kwenda Dudinka tu, hakuna barabara wala reli inayouunganisha na miji mingine ya Urusi, unafika kwa ndege au unapita bandari ya Dudinka kwenye mto Yenisei.

Madini yenyewe yalijulikana mapema. Mwanajiolojia mmoja anaitwa Nikolai Urvantsev alikuwa anapima milima ile tangu miaka ya 1919 na 1920, na 1921 ikajengwa nyumba ya mbao ya msafara wake, ndo nyumba ya kwanza ya Norilsk na imetunzwa mpaka sasa. Kulikuwa na makaa ya mawe, shaba, nikeli na platinamu. Tatizo likawa nani ataenda kuchimba sehemu kama ile, kwa mshahara gani, na familia ataiweka wapi? 1935 serikali ya Stalin, mtawala wa Urusi ya Kisovieti wakati huo, ikajibu swali hilo kwa kuwakabidhi kazi NKVD, polisi wa siri waliokuwa wanaendesha makambi ya kazi, Gulag, na hao hawakuhitaji kumshawishi mtu. Wakaanzisha kambi ikaitwa Norillag na mwaka huo huo wafungwa wa kwanza wakaanza kushuka Dudinka.

Walipelekwa Krasnoyarsk, pale wakapakiwa kwenye yale majahazi makubwa ya mizigo yanayovutwa, wakashushwa na mto karibu kilomita 2,000 kwenda kaskazini. Kutoka Dudinka mpaka kwenye mgodi ni kama kilomita mia hivi za matope na barafu na hapakuwa na njia, kwa hiyo kazi ya kwanza ikawa wajenge reli wenyewe, kwa sururu na koleo na toroli, juu ya ardhi iliyoganda. Treni ya kwanza ilipita 1937.

Kuhusu kukimbia, waya na walinzi wenye bunduki walikuwepo, ila hata ungeuvuka waya ungeenda wapi? Nje ni tundra, hakuna msitu wa kujificha, hakuna kijiji cha kuomba maji, theluji inakaa miezi nane tisa, na mto wenye meli ndo huo huo una walinzi. Mahali penyewe ndo palikuwa ukuta.

Lakini kuna jambo moja ambalo hizo video haziligusi na mimi ndo linaniuma zaidi. Tukisikia kazi ya kulazimishwa tunawaza misuli tu, mtu anapiga sururu. Pale walichukua na akili za watu. Wengi walifungwa kwa kifungu cha 58, kile cha "adui wa mapinduzi", ambacho kilimbeba mwalimu, mhandisi, padri, mkulima, mtu yeyote aliyechongewa na jirani. Matokeo yake kambini ukawakuta wataalamu ambao nchi ingetakiwa kuwalipa vizuri. Yule Urvantsev aliyeyapima madini alikamatwa 1938, na sehemu ya kifungo chake akaja kukitumikia Norilsk yenyewe, kwenye madini aliyoyapima kwa mikono yake. Ramani ya barabara kuu ya mji na yale majengo yake mazuri ina mkono wa wasanifu wawili wa Kiarmenia, Gevorg Kochar na Mikael Mazmanyan, wote wawili walikuwa wafungwa. Nikolai Kozyrev, mtaalamu wa nyota, alipitia pale. Lev Gumilyov, mtoto wa washairi Anna Akhmatova na Nikolai Gumilyov, naye alipitia pale, baadae akawa mwanahistoria.

Alafu kuna Mikhail Kim, mhandisi mwenye asili ya Korea, naye aliletwa kama mfungwa. Ukitaka kuelewa kwanini yale maghorofa yamesimama umtafute huyu. Ardhi ya Norilsk chini imeganda mwaka mzima, sasa ukijenga nyumba ukawasha moto ndani, joto linashuka, barafu inayeyuka, nyumba inazama upande na kupasuka. Mwanzoni walihangaika kuchimba mpaka wafike kwenye mwamba, kazi ndefu na ya gharama. Kim na wenzake wakaja na njia ya kutoboa mashimo kwenye ile ardhi iliyoganda, wanashusha nguzo za zege, zinagandia humo humo, alafu nyumba inakaa juu ya nguzo na chini yake panaachwa uwazi upepo wa baridi upite ili barafu isiyeyuke. Ukirudia kuitazama ile video angalia chini ya maghorofa, utauona huo uwazi. Alipewa Tuzo ya Lenin 1966, miaka mingi baada ya kufungwa kwa kosa ambalo halikuwepo.

Na hata wakubwa hawakuwa salama. Mkuu wa kwanza wa mradi, Vladimir Matveev, alikamatwa naye akahukumiwa. Aliyemfuata, Avraamy Zavenyagin, kiwanda kikaja kupewa jina lake. Wakati wa vita vya pili nikeli ya pale ilikuwa inaenda kwenye chuma cha vifaru, kwa hiyo wafungwa wa Norilsk wamo kwenye ule ushindi wa 1945, ingawa siku ya sherehe hakuna aliyewataja.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita hapa Iringa. Mwalimu alitufundisha kwamba penye kazi ya shuruti lazima na upinzani uwepo, akatoa mifano ya Majimaji na Mkwawa. Je hao wa Urusi walikubali tu miaka yote hiyo?
Mwanafunzi, Iringa

JIBU: Marahaba mwanangu, mwalimu wako yuko sahihi. Walipinga, na walipinga kwa mpangilio mpaka nikisoma habari zao nawaheshimu sana.

1948 serikali ilianzisha kambi nyingine hapo hapo Norilsk inaitwa Gorlag, hii ilikuwa ya wale waliohesabiwa hatari zaidi, wengi ni watu wa Ukraine na nchi za Baltiki, yani Lithuania, Latvia na Estonia. Humo mtu alishonewa namba kwenye nguo, usiku mabweni yanafungwa kwa kufuli madirisha yana nondo, na barua kwa familia ni mbili tu kwa mwaka. Machi 1953 Stalin akafa. Ukatoka msamaha uliowafungua zaidi ya watu milioni moja nchi nzima, wezi na wenye vifungo vifupi wakaenda makwao, wale wa kisiasa wenye vifungo virefu wakabaki. Hebu fikiria umekaa miaka nane unaona mwizi anafungiwa mzigo anaondoka na wewe uliyeandika shairi unabaki.

Mwisho wa Mei walinzi wakawapiga risasi wafungwa, na hapo uvumilivu ukaisha. Kambi moja baada ya nyingine zikagoma, kambi ya wanawake nayo ikaingia, maelfu ya watu wakaweka zana chini. Wakapandisha bendera nyeusi yenye mstari mwekundu. Madai yao yalikuwa ya kawaida kabisa: saa nane za kazi, namba zitolewe kwenye nguo, kufuli na nondo ziondolewe, waruhusiwe kuandikia nyumbani, na itumwe tume kutoka Moscow isikilize kesi zao upya. Kwa vile watu wa mjini walikuwa wanaambiwa kambini kuna majambazi wanafanya fujo, wafungwa wakatengeneza tiara za karatasi, wakazifunga vipeperushi, wakazirusha na upepo zivuke waya zikadondoke mitaani ili raia wasome wenyewe.

Tume ikaja, baadhi ya madai yakakubaliwa, alafu kambi zikavunjwa moja moja kwa nguvu. Wanawake walimwagiwa maji ya magari ya zimamoto. Kambi ya mwisho iliingiliwa kwa risasi mwanzoni mwa Agosti 1953, watu wakauawa. Ila Gorlag ikafungwa 1954, na Norillag nayo 1956. Kwa hiyo ukijibu mtihani usiandike kwamba walishindwa ukaishia hapo.

SWALI: Pole na majukumu kaka. Walipoachiwa kwanini wasirudi kwao? Na hao wanaoishi sasa hivi nani anawalazimisha?
Mama lishe, Makambako

JIBU: Asante dada. Wengi walirudi, lakini wapo walioshindwa. Karatasi za mfungwa wa zamani zilimzuia kuishi Moscow, Leningrad na miji mingine mingi mikubwa, wengine mke alishaolewa, nyumba ilishagawiwa, na Norilsk angalau kazi ilikuwepo na hakuna wa kukunyooshea kidole maana kila mtu ana historia hiyo hiyo. Kuanzia hapo serikali ikaanza kuvuta vijana kwa mishahara mikubwa ya kaskazini na likizo ndefu, na wajukuu wao wamo kwenye watu zaidi ya 170,000 wanaoishi pale leo. Halazimishwi mtu, ni mshahara. Ila wanalipia kwa mapafu, maana viwanda vile vilikuwa vinatoa karibu tani milioni 2 za moshi wa salfa kila mwaka, miti imekauka eneo kubwa kuzunguka mji, na kiwanda cha zamani cha nikeli kilifungwa 2016. Mei 2020 tenki la mafuta lilipasuka baada ya nguzo zake kuzama, tani kama 21,000 za dizeli zikamwagika mtoni na ardhini, na mahakama ikaiamuru kampuni husika kulipa fidia ya bilioni 146 za ruble, pesa ya Urusi. Nikeli inaenda kwenye chuma kisichoshika kutu na betri, paladi, madini mengine ya pale, inaenda kwenye kile kifaa cha eksozi kinachosafisha moshi, mafundi wanakiita masega, kwa hiyo inawezekana kabisa kuna kipande cha Norilsk kwenye gari inayopaki mbele ya mgahawa wako.

Waliokufa walizikwa chini ya mlima Schmidt, pembeni ya mji, wengi bila jina. Kuna mnara pale unaitwa Golgota ya Norilsk, na misalaba iliyowekwa na watu wa Poland na wa Baltiki waliokwenda kutafuta ndugu zao. Kinachonisumbua ni kwamba jina la mkuu wa kambi kila mtu wa Norilsk analijua, na aliyechimba shimo la kwanza la nguzo hatumjui.

Na hapa dada mimi nageukia kwetu. Sio jambo sawa na Gulag na sitaki kulifananisha, lakini wazee wa Njombe, Tukuyu na Songea walikwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga, wengine Wenela, yani wakala aliyekuwa anaajiri watu wa migodini, kwenye dhahabu ya Afrika Kusini, wengi wao wakisukumwa na kodi ya kichwa, na wakati wa vita vya pili Mwingereza alikuwa anawakamata kabisa watu kwa amri na kuwapeleka mashambani. Mashamba tunayajua majina yake. Kama kwenu kuna babu aliyekwenda, tuandikie jina lake, kijiji alichotoka, shamba au mgodi aliofanyia kazi na kitu chochote alichorudi akisimulia, hata sentensi mbili zinatosha, tutaanza kuzichapa toleo lijalo na kipaumbele ni kwa wale ambao bado wako hai wanaoweza kusimulia wenyewe.