Baraka mwanangu, kuhusu machozi uliyoyaona

Mwanangu Baraka,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema Pasaka ulinikuta barazani na kitabu mapajani, machozi yananitoka, na unauliza inakuwaje baba ambaye hakutoa chozi siku tuliyomzika dada yako aje awalilie Wajapani waliokufa miaka elfu iliyopita. Una haki ya kuuliza.

Msibani nilikuwa na kazi. Turubai halikutosha, wageni hawana pa kulala, shemeji yako ameduwaa, na kile kichanga cha siku tatu kinalia chumba cha ndani. Ninayemkumbuka vizuri siku ile ni mwenye viti, maana nilimlipa mara mbili.

Kitabu ulichokiona si ile hadithi ndefu ya Kijapani ya Genji, mwana wa mfalme. Hiyo nilishaimaliza, sura zote 54, na Genji mwenyewe simpendi. Anawaendea wanawake kama mtu anayeonja maembe sokoni. Ila alipofiwa na mkewe Murasaki nilimsamehe kidogo. Karibu mwaka mzima hataki kuonana na watu, kisha anazichoma barua za marehemu, mwandiko wake anautazama ukiungua. Baada ya hapo inafuata sura yenye jina tu, ndani hamna hata neno. Ndimo anamofia.

Niliyekuwa namsoma ni Izumi Shikibu, mshairi wa kasri la mfalme huko Kyoto. Alimtumikia malkia Shoshi pamoja na Murasaki Shikibu, si yule wa hadithini bali mtunzi wa Genji, ambaye katika shajara yake anakiri kuwa mwenzake ana kalamu tamu ila mwenendo wake haumpendezi. Watumishi wa nyumba moja hawakosi maneno. Izumi alipendana na mwana wa mfalme, mwanamume huyo akafa. Akapendana na mdogo wa marehemu, naye akafa mwaka 1007. Hayo yote aliyatungia mashairi. Lakini mwaka 1025 alikufa binti yake, Koshikibu, mshairi kama mama, kwa uzazi. Akaacha watoto.

Sasa unaona.

Mashairi yao ni mafupi, mizani 31 tu, kwetu haitoshi hata mishororo miwili. Izumi anawatazama wajukuu, anasema hivi: ametuacha sote, sasa huko aliko anamhurumia nani zaidi? Wanawe, bila shaka, maana hata mimi uchungu unaonizidia ni wa mwanangu. Mishororo miwili ya mwisho kwa Kijapani inaanza kwa neno lilelile, *ko*, yaani mtoto. Wa kwanza ni mtoto wa marehemu, wa pili ni marehemu mwenyewe. Nimefundisha ushairi miaka 30 na sijaona takriri iliyonikaba koo namna ile.

Lililonitoa machozi hasa ni jingine. Kila mwaka malkia alikuwa akimpa Koshikibu nguo. Binti akafa, na nguo zikaletwa vilevile, zimeandikwa jina lake. Izumi akatunga kwamba yeye hakuoza pamoja na mwanawe kaburini, chini ya kuvu, na sasa analiona jina ambalo halikuzikwa.

Hukuwapo mwaka ule, ulikuwa chuoni. Miezi saba baada ya mazishi ililetwa kadi ya mchango wa harusi, jina la dada yako limeandikwa kwa wino wa bluu, mwandiko mzuri kabisa. Rafiki yake wa zamani alikuwa hajapata habari. Aliyeileta ni kijana wa bodaboda, akaniambia, "Mzee, utampa mwenyewe." Nikasema nitampa.

Sikumwambia mama yako. Siku ya kikao nilikwenda peke yangu, nikatoa shilingi 50,000. Katibu akaniuliza aandike jina gani. Nikamtajia la dada yako, herufi kwa herufi, naye akaandika.

Baba yako