Muundi unauma baada ya kupanda Kololo mbio

Pole sana, dada. Kutoka kukaa ofisini mchana kutwa hadi kupanda mbio kilima cha Kololo, hapo Kampala, kila alfajiri, wiki mbili mfululizo, muundi lazima uume. Acha mbio kwanza. Tembea tu, tena sehemu tambarare.

Leo jioni pitisha kidole gumba taratibu juu ya mfupa wa muundi. Maumivu yakienea sehemu ndefu, mara nyingi mguu umechoshwa tu, na mapumziko huutuliza. Yakiwa mahali pamoja padogo kama sarafu, au yakikusumbua hata ukiwa umelala, nenda hospitali. Huenda mfupa umeanza kupata ufa, na huo hauchuliwi kwa mafuta.

Ukipona, kimbia dakika moja, tembea mbili, na upumzike siku moja kabla ya kukimbia tena. Ukishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, punguza mwendo. Mteremko watu huudharau, kumbe ndio unaogonga miguu zaidi: shuka ukitembea. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Kifua kikibana au ukishikwa na kizunguzungu, simama hapo hapo, utafute daktari.