Re: Kaka yangu hataki kusikia habari za Yesu, nifanyeje?

Pole dada, umesema kaka yako hapo Jinja ukitaja tu Yesu anatoka nje. Acha mahubiri kwanza. Wale Balokole, yaani waliookoka wa uamsho wa Kikristo wa Afrika Mashariki, miaka ya 1930 walitubu hadharani wakarudisha hata vitu walivyoiba, majirani wakaona kwa macho. Mimi na mdogo wangu hapa Mbale tulikua hatuongei sababu ya deni, nikamrudishia hela yake yote nikamwomba msamaha tukimenya matoke kwa mama, akanyamaza na kisu mkononi, wiki kadhaa baadae mwenyewe akaniuliza nini kimekubadilisha, ndo nikamwambia habari za Yesu, kwa kifupi tu. We muombee kila siku, na mtoto wake akiugua uwe wa kwanza kufika.