Muulize Mwalimu: Binti yangu anaruka kamba ya nguo

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina binti wa miaka 12, yuko darasa la sita. Akirudi shule haulizi hata chakula. Anafunga kamba yangu ya kuanikia kwenye minazi miwili, anaruka pekupeku mpaka magharibi. Bibi yake mzaa baba hataki kuona, anasema mtoto wa kike harushi miguu juu. Binti naye ananiambia yupo mama mweusi wa Marekani aliyeanza hivyohivyo, bila viatu, akawa bingwa wa dunia nzima. Ni kweli, au ananilainisha nimnunulie viatu? (Mama mzazi, Pangani)

JIBU: Marahaba, mama. Hajakudanganya. Huyo ni Alice Coachman, bingwa wa kuruka juu, aliyezaliwa 1923 katika mji wa Albany, jimbo la Georgia. Kwao walikuwa watoto kumi, na yeye alichuma pamba ili nyumbani kupatikane chochote. Viwanja vya mazoezi vilikuwa vya wazungu, basi akawa anakimbia kwenye barabara za vumbi na kuruka kamba na vijiti alivyotega mwenyewe. Na mavyaa wako asijione yuko peke yake: baba yake Alice alikuwa akimchapa kwa sababu ya michezo hiyo. Aliyemtetea ni mwalimu wake wa darasa la tano. (Hapo kwenye mwalimu nimesoma kwa sauti, mtaniwia radhi.)

Mwaka 1939 akaingia mashindano ya taifa lao, akaruka pekupeku, akashinda. Ubingwa huo hakuuachia hadi 1948, miaka kumi mfululizo. Kinachoniuma mimi ni Olimpiki za 1940 na 1944, ambazo hazikufanyika kwa ajili ya vita, na hiyo ndiyo ilikuwa miaka yake ya nguvu. Alipofika London 1948 mgongo ulikuwa unamsumbua. Hata hivyo akaruka mita 1.68, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki, na aliyemkabidhi ni Mfalme George wa Sita mwenyewe. Aliporudi kwao wakamwandalia sherehe ukumbini, weusi upande huu, wazungu upande ule. Meya alikuwapo jukwaani, wala hakumpa mkono. Ungedhani kaiba kitu! Akaacha kuruka, akamaliza shahada yake, akawa mwalimu.

Kuhusu mavyaa, usibishane naye. Mshonee binti suruali ndefu na fulana ya mikono mirefu, kisha mkaribishe bibi barazani atazame. Baibui lisivaliwe kwenye kuruka. Pindo litaangusha ufito, yaani ule mti anaouruka, wakati mwili umeshapita.

Viatu visubiri. Mimi naogopa pale anapoangukia. Mwaka 1974, nikiwa sekondari hapa Tanga, niliruka vizuri tu nikaja kutua kwenye mchanga ulioshikana kama saruji. Kifundo cha mkono wangu wa kushoto mpaka leo kinanitabiria mvua za masika. Kwa hiyo kamba ya nguo ifunguliwe leo hii: ikimnasa mguu yenyewe haianguki, anaanguka yeye. Tafuta mlingoti wa mkonge uliokauka, hapa kwetu haukosekani. Ni mwepesi, na ukiguswa tu unadondoka. Uegeshwe juu ya misumari miwili iliyopigiliwa upande anakotua, usije ukafungwa. Chini, mchanga uchimbuliwe kwa jembe kila siku, na juu yake yapangwe magunia yaliyojazwa usumba. Wapo mafundi magodoro watakaokupa mabaki.

Halafu aruke mkasi, mguu mmoja ukifuata mwingine, na atue kwa miguu. Najua ameshaona kwenye simu wanavyopita juu ya ufito kwa mgongo. Mtindo huo ulipata jina kwa Dick Fosbury, Olimpiki ya Mexico 1968, na wakati huo palikuwa na magodoro mazito ya kuangukia. Kina Alice walitua mchangani, ndiyo maana hawakuthubutu kutanguliza mgongo. Akijaribu hapo kwenye minazi atavunja shingo. Akishafika mita 1.20 kwa mkasi, kamwone mwalimu wa michezo shuleni kwake kabla UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, haijakaribia, maana wakishachagua timu ndiyo basi.

SWALI: Mwalimu, nimesikia 1948 Mwingereza Dorothy Tyler naye aliruka 1.68 hiyohiyo. Mbona dhahabu hawakugawana? (Kijana, Korogwe)

JIBU: Kwa sababu Alice aliuvuka urefu huo mara ya kwanza, Tyler mara ya pili. Mkilingana, hutazamwa nani alikosea mara chache kwenye urefu wa mwisho. Lakini mwenzangu, mwonee huruma mama huyu. Mwaka 1936 kule Berlin, akiwa binti wa miaka 16 bado anaitwa Dorothy Odam, alivuka mita 1.60 kwa jaribio la kwanza. Ibolya Csák wa Hungaria aliuvuka baadaye. Wakati huo makosa hayakuhesabiwa; wakarudishwa kuruka tena, na Csák akachukua dhahabu. Miaka 12 ikapita, vita katikati, Dorothy akarudi akiwa mama wa watoto wawili, akakuta sheria imegeuzwa. Ingetumika ile ya 1948 kule Berlin, dhahabu ilikuwa yake.